Kikohozi cha Mbonile kwenye flashi

Tuntufye, nimeshaondoka Ibaba. Niko juu ya lori la viazi.

Unakumbuka nilivyomrekodi marehemu kaka Mbonile akigawa mali yake? Mwanawe Deus akanisumbua wee: "Baba mdogo, flashi ni mambo ya kizamani! Inapotea, inaungua. Niiweke mtandaoni, huko haifi." Nikamwachia anakili. Flashi yenyewe sikumpa. Nikamuuliza, nenosiri anakaa nalo nani? Akacheka tu.

Kile kicheko, Tuntufye!

Leo kikao cha ukoo. Deus kafungulia simu yake. Mbonile anaongea, anakohoa, halafu kwisha. Anakohoa, kwisha! Deus anasema, "Mmesikia wenyewe, shamba la kahawa hakumtaja mtu. Basi ni langu mimi mwanaume." Dada yake Enesi, aliyemuuguza baba mpaka mwisho, kainamisha kichwa.

Nikasema hapana, kaka alikohoa akaendelea. Nikachomeka flashi kwenye redio ya mwenyekiti wa kikao.

Mbonile kakohoa. Halafu sauti yake kabisa: "Shamba la kahawa apewe Enesi."

Deus anasema eti labda mtandao ulikata. Mtandao! Mtandao gani unaojua pa kukata?

Basi. Shamba kapewa Enesi. Deus kapanda pikipiki, hakuaga mtu. Flashi anayo Enesi, kaifunga kwenye pindo la kitenge. Mimi narudi Tunduma na flashi ya pili, yenye nakala ya sauti ileile, ndani ya soksi.