Kura Ndani ya Kitabu cha Sala

Lubumbashi, Annexe

Yaya Elisée, kaka yangu,

Mahindi ya Mama yameota vizuri. Najua huko Kipushi wanasema mimi, shahidi wako kwenye kituo cha kura, nimekusaliti. Mashine ya kupigia kura ilionyesha kura zako 212, lakini ndani ya sanduku tulikuta karatasi zako 197, na sheria huhesabu karatasi. Nikasaini matokeo. Kiti kikaenda kwa mpinzani wako, kwa kura sita.

Jioni Mama alifungua kitabu chake cha sala, akatoa kura iliyochapwa na mashine, yenye jina lako.

"Régine, mashine ilishaandika. Kutia tena mu sanduku ni ya nini? Hii naichunga, iko ya mutoto wangu."

Wenzake kumi na wanne wa kwaya aliwashauri vivyo hivyo, wakamtii.

Anauliza utaapishwa lini. Njoo umjibu wewe, mimi siwezi.

Mdogo wako,
Régine