Mashuti Ambayo Hayakupigwa

Mshauri mpendwa, nakuandikia kichwa kimejaa ukungu, nisaidie kabla kocha hajamtaja kipa wa fainali ya Jumamosi. Mimi ndiye mhesabu mashuti wa timu yetu ya wanawake ya mpira wa magongo, na mmoja wa makipa wetu wawili ni mdogo wangu wa tumbo moja, na msimu huu kila mmoja amekaa langoni mechi tano, mdogo wangu kapigiwa mashuti ishirini, manne yakaingia, yaani kaokoa asilimia themanini, mwenzake kapigiwa sitini, sita yakaingia, asilimia tisini, na kocha akiona tisini macho yanamlegea kama aliyeona mchumba. Nikamwambia, "Kocha, mbona huyu wako ndiye kafungwa mengi?" akanijibu, "Dada, asilimia haina undugu." Lakini mshauri, mdogo wangu langoni hanyamazi, "Twiga, kushoto! Wewe Mama Pole, unamkaba au unamsindikiza?" na mabeki wanasogea, na mshambuliaji aliyeshainua gongo analishusha polepole bila kupiga, uwanja unatulia, nami sina cha kuandika, na siku hizi hata nikianika nguo nayaona yale mashuti ambayo hayakupigwa yakielea kati ya mashuka, meupe, mepesi, hayana haraka ya kwenda popote. Nikiyaandika machache tu kwamba kayaokoa, nitakuwa nimedanganya?

Dada wa Kipa

Dada wa Kipa,

Ndiyo, utakuwa umedanganya, na ukikamatwa atakayeachwa ni mdogo wako. Pole, najua unampenda, na macho yako ni mazuri: umeona kwamba asilimia inahesabu mipira iliyofika tu. Ila kupenda si kupima. Huenda mabeki walikuwa na siku njema, huenda wapinzani walikuwa wachovu, na kelele za mdogo wako zikawa kelele tu.

Sasa amka. Kwenye mazoezi ya Alhamisi, mwombe kocha apange mabeki walewale na washambuliaji walewale, makipa wapokezane lango, muda sawa. Ihesabiwe kila mara washambuliaji wanapoingia eneo la kufungia, wapige wasipige, na mabao mangapi yanaingia. Kalamu ampe mtu mwingine. Wewe kaa mbali, ikibidi ukalie mikono.

Mdogo wako akizidi, kocha ataona mwenyewe. Akizidiwa, usimwachie kocha habari hiyo. Mpelekee wewe mdogo wako, nyumbani, mlango umefungwa. Atakununia. Kisha Jumamosi mkalishe benchi upande wa lango lenu, na umwambie asinyamaze.