Aliyebaki Kwenye Grupu la Kwaya

Iyunga, Alhamisi

Nimemtoa Asifiwe kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, na hasira haijanishuka.

Eti kwa kuwa mimi ndiye admini, klipu aliyotuma humo ya kuuliza mbolea ya ruzuku iko wapi ni kosa langu. Afisa wa kata kaniita ofisini, kanisomea maongezi yote ya grupu, mpaka maombi ya wagonjwa. "Mama, mtoe mwenyewe, au tukufuate wewe." Shenzi kabisa.

Nimemtoa nikiwa jikoni, sijamwambia mtu. Kabla sijaweka simu chini, afisa kaandika: "Asante mama, nimeona."

Kwenye grupu letu afisa hayumo. Jumapili nitaimba bega kwa bega na anayempelekea habari zetu, na sijui ni bega la nani.