Rangi ya Shavu Lako

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili jioni, 9 Juni

Mpendwa Dada,

U hali gani huko uliko? Shemeji hajambo, na wapwa zangu? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, lakini ukimwambia akae anakuuliza ulisomea wapi udaktari.

Mimi bado niko kwenye karakana ya nakala za michoro. Tunaupiga mchoro picha, kisha tunauchapa kwenye karatasi nene ya pamba mpaka mchoraji mwenyewe ashindwe kujua upi ni wake. Fundi mkuu tumembandika jina Bwana Kipimo, maana haamini macho ya mtu, anaamini kifaa chake cha kupimia rangi.

Sasa habari yenyewe. Ule mchoro mama aliokuchora ukiwa umekaa dirishani, jumba la makumbusho limeuomba, naye amekubali. Wanauchukua mwisho wa mwezi. Nyumbani itabaki nakala, na mchapaji ndiye mimi.

Kazi imenitoa jasho. Kabla ya kuchapa picha nzima tunajaribu kipande, na tulichagua shavu lako, kwa sababu rangi ya ngozi ndiyo ngumu kuliko zote. Ukuta mzima umejaa mashavu yako. Zamani nilikuwa nakukumbuka nikifika nyumbani. Siku hizi nakukumbuka hata kazini.

Kila kipande mama anakikataa. Siyo yeye, anasema. Bwana Kipimo akapima mchoro, akapima nakala, hakuna tofauti hata chembe. Ndipo mama akasema, "Uso niliumalizia mtoto ameshaondoka. Nilikisia tu, nikasema akirudi nitarekebisha."

Nikatoa picha zako za simu. Kwenye simu yangu u maji ya kunde, kwenye ya Bwana Kipimo umekuwa chungwa. Mama alicheka, lakini njiani tukitoka karakana alinishika mkono. "Nimeanza kumsahau," akasema. "Sauti yake ninayo. Rangi imenitoka."

Sijawahi kumwona mama akiogopa, Dada. Wanaosema asiye machoni na moyoni hayupo hawamjui: moyoni umejaa tele, machoni ndiko anakokupoteza. Nakuomba uje kabla mchoro haujachukuliwa, ukae pale dirishani. Bwana Kipimo amekubali kusimamisha mashine. Nimekukumbuka mpaka basi.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu waambie mjomba wao anawapenda. Mungu akufungulie njia.

Mama hakutuma salamu. Amesema atakupa mwenyewe ukifika.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,
Kitindamimba