Jiko Kando ya Sanduku

Jumanne, Julai. Baridi haijapungua.

Namba zimelingana leo, na mimi nimekwisha.

Wiki tatu nimekuwa nikipima vihisi mwanga kumi na viwili vya kamera ya darubini ya miale ya gamma. Navifungia kwenye sanduku lenye giza, navimulika kwa mwanga uleule mdogo, na vyote vinapaswa kutoa namba moja. Vinne vya kushoto vilikuwa chini kila siku. Nikamwambia profesa kwamba Mwangi, fundi wetu, alichomelea vibaya nyaya za hivyo vinne. Ijumaa akaambiwa asirudi kazini.

Leo amekuja kuchukua koti lake. Akaweka mkono juu ya sanduku, upande wa kushoto, akashtuka.

"Madam, hapa kuna moto! Hii jiko iko karibu sana. Si hivi vitu husumbuliwa na joto?"

Husumbuliwa. Nalijua hilo tangu chuoni. Lakini vidole vilikuwa vinakufa ganzi, nikawa nalisogeza jiko la makaa karibu nami na sanduku kila asubuhi, kidogo kidogo.

Nikamjibu tu, "Nitaangalia." Akavaa koti, akaniaga vizuri, akarudi kwao Kiganjo.

Nikalitoa jiko nje, nikangoja sanduku lipoe, nikapima. Vyote kumi na viwili, sawasawa.

Sijampigia profesa. Mara tatu nimeishika simu nikaiweka. Nitaanzia wapi? Nimwambie kwamba mimi...

Na jiko lenyewe ni Mwangi aliyeniletea kutoka kwao, ati nisishikwe na homa.