Nimewafungia Mafundi Vifaa Vyao, na Mke Wangu Amehama

Mpendwa mshauri, naomba msaada, japo kuomba si kawaida yangu. Nina miaka sabini na tisa, nimewazika ndugu zangu wote sita na madaktari wawili walioniambia sitafika sitini, nimezika na redio nne, na nyumba ninayokaa niliijenga mwenyewe, shule niliishia darasa la tatu lakini ukuta wangu hauna ufa, waliosoma wana nyufa.

Sasa mshauri, bomba la bafuni limepasuka ndani ya ukuta huo huo, maji nikayafunga kule kwenye mita, na hii ni wiki ya saba mke wangu anabeba ndoo kutoka kwa jirani, yeye na goti lake bovu. Usidhani nimekaa tu. Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza aligongagonga ukuta kama anabisha hodi akasema, "Mzee, kuna kiungo nimekikosa, nakuja sasa hivi," nami sasa hivi ya fundi naijua, mtu anaweza kuota mvi akiingoja, nikamwambia nenda lakini mkoba wa vifaa unabaki. Nikaufungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Siku zikapita, kimya. Wa pili nikamuwahi, alipokwenda kunawa tu nikachukua drili yake, na wa tatu ngazi yake niliifunga kwa mnyororo kwenye nguzo kabla hajapanda hata kidato kimoja. Wote wakaondoka wakinung'unika, mimi nikasema watarudi tu, vitu vyao ninavyo.

Na kweli, juzi wa kwanza akarudi. Nikajua nimeshinda.

"Shikamoo mzee. Niliuguliwa, nisamehe. Kiungo hiki hapa, nipe mkoba nianze."

"Marahaba. Anza, mkoba utaupata ukimaliza."

"Nianze na nini mzee, na meno?"

"Ufundi uko kichwani, kijana. Mimi nyumba hii..."

"Basi na bomba litengeneze kwa kichwa."

Mke wangu alikuwa nyuma yangu na ndoo, amesikia yote. Akaiweka chini taratibu, na mke wangu akiweka kitu taratibu ujue kimenuka. Akasema, "Baba watoto, miaka hamsini na mbili nimekuvumilia maneno. Ukaidi wa kunikosesha maji sitauvumilia." Akafunga nguo zake akaenda kwa mdogo wake mtaa wa pili, na yule fundi ndiye aliyembebea begi! Kasema hatarudi mpaka asikie kwa masikio yake maji yanatoka bafuni.

Mshauri, nifanyeje hawa mafundi wajifunze uaminifu? Vifaa nikivitoa nitakuwa nimeshindwa, na mimi sijawahi kushindwa. Ila nyumba imekuwa kimya mno, naisikia hata saa ya ukutani.

Kama unaona natia chumvi, muulize shemeji yangu huyo aliyempokea, hanipendi tangu siku ya harusi, hawezi kunipendelea. Au mwenye duka la kona, ndiye aliyeniuzia mnyororo na kufuli.

*

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa huo ukimya. Pole yangu inaishia hapo.

Umeniuliza jinsi ya kuwafundisha mafundi uaminifu. Fundi mmoja alirudi kwa miguu yake, kiungo mkononi, samahani mdomoni. Uaminifu mwingine unaoutaka ni upi? Mwenye mali za watu kabatini ni wewe, na anayefanya hivyo ana jina lake, silitaji kwa heshima ya mvi zako. Watu watatu umewanyima riziki, halafu unashangaa hakuna anayepita mlangoni kwako. Mafundi wanajuana, mzee. Habari zako wanazo wote.

Leo, kabla hujala, fungua kabati. Mkoba, drili na ngazi uvipeleke mwenyewe, usitume mtu. Ngazi ikikulemea, kodi mkokoteni, na utembee kando yake watu wakuone. Kila fundi umwambie, "Nisamehe, nilikosea," maneno mawili, usiongeze la tatu kuhusu ukuta wako. Kisha mbembeleze yule wa kwanza aje.

Siku akija, mwachie nyumba. Ukibaki utasimama nyuma yake umhadithie ulivyojenga, naye atakimbia tena. Nenda kwa shemeji yako, kaa kwenye kiti utakachopewa, hata kama kinayumba, na unyamaze. Fundi akimaliza apige simu, simu ashike mkeo, bomba lifunguliwe asikie mwenyewe. Hapo usiseme "nilikwambia." Mwombe radhi mbele ya mdogo wake, kwa sauti ya kusikika.

Akinyanyuka, mshukuru. Asiponyanyuka, usibishane. Rudi nyumbani ukaoge, na kesho uende tena.