Gunia la Vichwa Barazani Kwangu

Jumatano, mwezi wa Shaabani. Manyunyu tangu alfajiri, na sasa, baada ya swala ya alasiri, mawingu bado yamekaa chini kama yanasubiri kuambiwa pa kwenda.

Nimekaa barazani kwangu hapa Kibiti. Mbele yangu kuna gunia la mpunga, na ndani yake hamna mpunga.

Naandika kwa kidole kimoja katika simu hii, kama ilivyo kawaida yangu. Wanaonisoma wamezoea kunikuta nikieleza masuala ya twahara, saumu na mirathi, na kila suala nikilifikisha mwisho wake. La leo sina mwisho wake. Nimeona niliandike hivyo hivyo lilivyo.

Zuhura ni binti wa marehemu mdogo wangu. Anaishi Salale, kule kwenye mikoko, ambako mtu hamtembelei jirani yake bila kupanda mtumbwi. Kazi yake ni kusuka mikeka. Mafuriko yalipopungua, mto uliacha ukingoni magogo na matawi mengi uliyoyachukua bara. Zuhura akayaokota, akayafunga kwa kamba, akayasukia ukindu juu yake, na zikawa sanamu za watu, ndefu kuliko mtu, mikono chini, zimesimama kwenye tope. Alizisimamisha mahali ambapo mikoko ilikatwa hadi ikaisha, na miguuni pa kila moja akapanda miche mipya. Alinieleza kwa simu kwamba anataka mtu mwenye shoka akifika pale aone kuwa anatazamwa.

Wanawake wanaovua kamba wakawa wanamtania. "Hawa ndio waume, Zuhura. Hawali, hawalali nje, na hawajibu." Askari wa misitu walifika wakamwambia kwamba hifadhini hakisimamishwi kitu bila kibali. Lakini walipoona miche imeshika, walimwambia aende akakiombe hicho kibali, wakaendelea na doria yao.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Niliyeyaendeleza ni mimi.

Baada ya swala ya Ijumaa, wazee wawili walinifuata msikitini. Mmoja akasema, "Sheikh, mtoto wa nduguyo anasimamisha masanamu mtoni, nawe umenyamaza. Au hukumu ni ya watoto wa wenzio tu?" Aliyasema kwa kicheko, lakini yaliniingia. Nikatafakari usiku na mchana. Sikutaka kazi ya yule binti ivunjwe, wala sikutaka kuifumbia macho kwa sababu ya damu. Nikakumbuka tulivyofundishwa chuoni, kwamba sanamu ya kiumbe ikiondolewa kichwa huwa imetoka katika umbo lenye roho, na hukumu yake huwa kama ya mti. Niliona nimepata njia ya katikati. Nitasema kweli, niliifurahia hukumu ile. Nilimpigia simu nikamwambia aondoe vichwa tu, mengine yote abaki nayo.

Hakubishana. Siku chache baadaye alifika hapa kwa boti na kisha kwa bodaboda, akaliweka gunia hili miguuni pangu.

"Baba mkubwa, ulisema vitoke," akasema. "Hukusema viende wapi."

Nami sikujua. Kuvichoma kulinikera moyo, kuvizika ni kuvipa heshima ya maiti, kuvitupa jalalani watoto wangevichezea. Nikaliweka gunia nyuma ya mlango nikajifanya nimelisahau.

Jana alfajiri, boti ya abiria iliyotoka Salale ilipita pale wakati ukungu ukiwa bado juu ya maji. Abiria waliona kati ya mikoko safu ya watu wamesimama, hawana vichwa. Mwanamke mmoja alizimia. Mnunuzi wa kamba aliyekuwamo alifika hapa mjini akalisimulia stendi, na kabla ya adhuhuri kila duka lilikuwa limelisikia. Anayeijua wilaya hii anajua kwa nini halikuchekwa. Ilipita miaka hapa watu walipokuwa wakiuawa na wasiojulikana, tukawa tukifunga milango kabla ya magharibi, na mtu akigonga tukizima taa. Hatuisemi sana. Lakini mtu asiye na kichwa msituni, hapa kwetu, hakuna atakayedhani ni mti.

Hilo sikulifikiria. Nilifikiria vitabu, sikuwafikiria abiria.

Polisi walimchukua Zuhura jana hiyo hiyo. Leo asubuhi nilikwenda kituoni. Afande aliyeshika jambo hili ni kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akanipisha kwenye kiti chake, akasimama yeye.

"Sheikh wangu, mimi si mwenyeji hapa, lakini nimesimuliwa yaliyopita," akasema. "Zingekuwa na vichwa ningesema ni mambo ya wasanii, nikawaachia watu wa misitu. Sasa mtu amekaa akavikata kimoja kimoja. Nataka kujua nani, na anamwambia nani nini."

Kabla sijafungua mdomo, Zuhura akajibu kutoka kwenye benchi. "Nimevikata mwenyewe, afande. Simwambii mtu kitu."

Hakunitazama.

Alichosema kilikuwa kweli. Mkono ulikuwa wake na kisu kilikuwa chake. Umri wangu wote nimekuwa nikiwafundisha watu kutofautisha mtenda na mwenye kuamrisha, na kwamba huyu wa pili hatoki katika jambo kwa sababu mikono yake ni safi. Nililijua hilo nikiwa nimekaa kwenye kile kiti cha afande.

Nikanyamaza.

Sikujipangia kunyamaza. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwamba nikisema nitamfanya aonekane mwongo. Nilijiambia pia kwamba dini haifai kuburutwa kituoni. Hata sasa sijui ni lipi kati ya hayo lilikuwa sababu na lipi lilikuwa kisingizio. Afande alisema kesho watakwenda na boti kuzing'oa sanamu zote, na kwa kuwa miche iko miguuni pake, itakayong'oka nayo ing'oke. Zuhura atabaki mahabusu. "Mpaka nielewe," akasema.

Nilipokuwa natoka, Zuhura aliuliza jambo moja tu. "Baba mkubwa, dawa ya presha umekunywa?"

Sikuwa nimeinywa.

Niliporudi nililitoa gunia nyuma ya mlango, nikalifungua kwa mara ya kwanza. Nilitarajia nyuso. Nilijiandaa kwa macho yaliyochorwa na midomo, vitu ambavyo nikiviona moyo wangu ungetulia na kusema, naam, hukumu ilikuwa sawa. Hamna. Kila kichwa ni duara la ukindu lililosukwa, halina jicho, halina pua, halina mdomo. Nimevigeuza vyote. Na usukaji wenyewe naujua kwa vidole, kwa sababu ndio ule ule wa msala alionisukia Zuhura, ninaouswalia kila siku.

Mimi sikwenda kuzitazama zile sanamu. Magoti yangu hayapendi boti. Nilihukumu kwa simu.

Kuna wanazuoni wanaosema umbo lisilo na uso si taswira, na kuna wasiokubali. Ningeweza kuandika kurasa juu ya hilo. Nilipokuwa mdogo tukikaa kwenye dungu kulinda mpunga, baba yangu, aliyekuwa mcha Mungu kuliko mimi, alisimamisha sanamu ya majani shambani na kuivisha kanzu yake kuukuu ili ndege waogope. Ilikuwa na kichwa, na kichwani ilikuwa na kofia. Hakuna aliyemfuata msikitini. Je, yeye aliikosea dini kwa ajili ya mpunga wake, au mimi nimeikosea mikoko ya Zuhura? Serikali inataka vichwa, wazee wa Ijumaa hawavitaki, na katikati yuko binti mmoja kwenye benchi aliyewatii wote waliomwambia jambo.

Moja tu nina hakika nalo. Kesho baada ya alfajiri, kabla boti ya polisi haijaondoka, nitapanda bodaboda na gunia hili. Nitaliweka mezani kwa afande, nimwambie neno lilikuwa langu, mkono tu ndio uliokuwa wake. Akitaka kunikalisha kwenye lile benchi, nitakaa. Lakini akiniuliza, "Sheikh, sasa tuvirudishe au tusivirudishe?", sijui nitamjibu nini. Nimeomba nionyeshwe, na bado sijaonyeshwa.

Adhana ya magharibi imekaribia. Nimevirudisha vichwa ndani ya gunia, nikalifunga kwa kamba barabara. Kisha nikarudi nikailegeza kamba kidogo, kama mtu anayehofia kwamba kilichomo ndani kitakosa hewa.

Nimeiacha hivyo.